Kabla hujafungua faili za Admiralti, jua nani alilazimika kuandika

Mwanafunzi wa historia anayeandika tasnifu kuhusu pwani yetu hufika mahali akaambiwa na msimamizi wake: kaangalie na faili za Admiralti, ofisi iliyosimamia jeshi la majini la Uingereza. Ushauri ni mzuri, ila mara nyingi unaishia hapo. Anafungua katalogi ya Nyaraka za Taifa zilizoko Kew, London, anatafuta Zanzibar au Mombasa, yanamtokea majalada chungu nzima yenye alama ADM, naye anaanza na la kwanza. Wiki inakwisha, daftari lake limejaa taarifa za upepo na mapipa ya nyama.

Ninyi mnaoanza, nawaomba mtenge siku mbili tatu za kujifunza kazi za ofisi yenyewe kabla ya kuagiza jalada lolote. Karatasi za Admiralti hazikuandikwa ili sisi tupate historia. Ziliandikwa kwa sababu mtu fulani alikuwa na wajibu wa kutoa hesabu, na mara nyingi mshahara wake ulisubiri hesabu hiyo ikubaliwe. Ukijua wajibu ulikuwa wa nani, utajua karatasi iko wapi na uiamini kiasi gani.

Hadi mwaka 1832 manowari za Uingereza hazikuendeshwa na ofisi moja. Admiralti yenyewe, pale Whitehall, iliamua meli ziende wapi na maofisa gani wapewe amri. Kujenga na kukarabati meli, kuendesha gati za Chatham, Portsmouth na kwingineko, na kulipa mishahara kulikuwa juu ya Bodi ya Navi, yaani ya jeshi la majini, iliyoanzishwa mwaka 1546 zama za Henry VIII. Samuel Pepys, yule mwandishi wa shajara, alikuwa karani wake mkuu kuanzia 1660. Chakula kilikuwa na bodi yake, tangu 1683. Wagonjwa na majeruhi walikuwa na yao, na vyombo vya kukodi vya kubebea askari na shehena navyo vilipata bodi mwaka 1794. Mizinga haikuwahusu wote hao: ilitoka kwa Bodi ya Ordnance, yaani ya silaha, ambayo ililihudumia na jeshi la nchi kavu. Kwa hiyo tukio moja, tuseme meli imerudi na mlingoti uliovunjika, mabaharia wagonjwa na unga ulioharibika, linazaa barua kwa ofisi tatu, na kila ofisi inaelezwa kipande chake tu.

Mwaka 1832 Sir James Graham alizifuta Bodi ya Navi na Bodi ya Chakula, kazi zao zikawekwa chini ya Admiralti kwa wakuu watano: wa ujenzi wa meli, wa hesabu, wa stoo, wa chakula na usafirishaji, na wa tiba. Mada yako ikivuka mwaka huo, panga utafutaji wako mara mbili. Admiralti iliendelea hadi 1964 ilipoingizwa katika Wizara ya Ulinzi.

Mfano wa faida ya kujua haya uko hapa hapa kwetu. Februari 1824 Kapteni William Owen, aliyekuwa akipima pwani ya Afrika kwa ajili ya ramani za Admiralti, alikubali ombi la Wamazrui, watawala wa mji, akaiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Uingereza bila idhini ya London. Alimwacha Luteni Reitz ausimamie mji, naye alifariki kwa homa miezi michache baadaye. Port Reitz inabeba jina lake mpaka leo. Luteni Emery akashika nafasi hadi Waingereza walipoondoka 1826, akiandika shajara ya kila siku kuhusu mji ule. Mtu wa kawaida angeitafuta shajara ya mtawala katika faili za makoloni. Iko ADM 52, katikati ya madaftari ya safari ya masailing-masta, yaani maofisa walioongoza njia ya meli, maana mwandishi alikuwa ofisa wa majini na ofisa wa majini alipaswa kukabidhi daftari lake.

Ukishapata barua, usikimbilie maneno ya kapteni. Angalia kona ya karatasi. Utakuta imekunjwa, na juu ya mkunjo huo kuna mwandiko mwingine wa haraka haraka, wenye tarehe: ni uamuzi wa wakubwa, ulioandikwa na katibu ili makarani watunge jibu rasmi. Pengine ni maneno matatu tu. Kapteni ameeleza kurasa sita, kona inasema apewe taarifa kwamba barua imepokewa, basi. Mimi huanza kusoma konani, kisha narudi juu. Kona hukuonyesha Admiralti ilijali nini, wakati kurasa sita zinakuonyesha kapteni alitaka ijali nini.

Na kabla ya barua kuna faharasa. Mfululizo wa ADM 12 una muhtasari wa barua zilizoingia, kwa majina ya watu na meli upande mmoja na kwa mada zenye namba upande mwingine. Ni vitabu vizito na vinachosha, lakini barua nyingi za karne ya 19 ziliteketezwa na makarani waliokuwa wakipunguza mrundikano, na wakati mwingine mistari miwili ya muhtasari ndiyo yote iliyobaki.

Tarehe nazo zina mtego. Hadi 1805 siku ya melini ilianza adhuhuri, yaani ilitangulia siku ya bara kwa muda wa saa kumi na mbili. Manowari Leopard ya Komodoo Blankett ilipotia nanga Unguja mwaka 1799, jambo la alasiri ya tarehe 20 lingeingizwa kwenye daftari chini ya tarehe 21. Sisi tunaohesabu usiku wa Ijumaa tangu Alhamisi magharibi tunalielewa hili haraka kuliko wenyeji wa Kew.

Hesabu za chakula watu huziruka. Msiziruke. Posho ya baharia kwa wiki katika karne ya 18 ilikuwa ratili 7 za biskuti, ratili 4 za nyama ya ng'ombe, 2 za nguruwe, na bia galoni moja kwa siku, pamoja na dengu, shayiri, siagi na jibini. Lakini ratili ya karani wa meli ilikuwa na wakia 14 badala ya 16. Mbili zilizobaki zilifidia, kwa maelezo yake, kinachomwagika na kuoza. Mabaharia waliogoma Spithead, Uingereza, mwaka 1797 walidai wakia zao 16. Ndipo nasema: ukiona tarakimu katika hesabu ya karani, jiulize imepimwa kwa kipimo gani na nani anafaidika.

Swali hilo ndilo linalowasaidia zaidi wanaosoma habari za doria dhidi ya biashara ya utumwa katika bahari yetu. Manowari iliyokamata jahazi ilipata bakshishi ya serikali: pauni 5 kwa kila mtumwa aliyeachiwa, na pale chombo kilipokuwa kitupu au watu wachache, hesabu ilipigwa kwa tani za ukubwa wa chombo. Majahazi mengi yalichomwa moto huko huko baharini, ikiandikwa kwamba yasingefika bandarini salama. Kwa hiyo kabla ya kuchoma, ofisa alipima urefu, upana na kina, akatia saini cheti, na cheti hicho ndicho kilichobaki mbele ya mahakama. Aliyepima ndiye aliyelipwa, na kitu kilichopimwa ni majivu. Wenye vyombo walilalamika, wengine wakisema walibeba biashara halali, na watu wa Hazina nao walitilia shaka ukubwa wa baadhi ya majahazi hayo. Usiandike tani zile kwenye jedwali lako kana kwamba zimetoka forodhani. Linganisha cheti na malalamiko na uamuzi wa mahakama, kisha useme wazi zinatofautiana wapi.

Mwisho, majina ya watu wetu. Manowari za huku ziliajiri mabaharia wa Kiafrika, wengi wakitokea Unguja, walioitwa Masidi, na mara nyingi wameorodheshwa peke yao nyuma ya daftari la majina ya mabaharia. Karani aliandika alivyosikia, hivyo Mabruki mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu katika meli tatu, na wengine wamepewa majina ya mzaha tu. Soma orodha kwa sauti. Sikio la Mswahili hukamata jina ambalo jicho limelipita. Herufi D mbele ya jina ni aliyeondolewa melini, DD ni aliyekufa, R ni mtoro.

Kama nauli ya London haipo, anzeni na Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, Unguja, kwa majalada ya konseli wa Uingereza yenye alama AA. Nendeni na orodha ya meli na tarehe zake, siyo na mada.