Gari Likipinduka, Usilikimbilie

SWALI: Nimekubaliwa kuwa marshali wa kujitolea, yaani mlinzi wa usalama kando ya njia, kwenye mashindano ya autokrosi, mbio za magari kwenye njia ya vumbi, hapa Nakuru. Nimeshanunua glavu na mtungi wa kuzimia moto wa kilo moja. Nina mbio na sina woga. Gari likipinduka, nifanyeje nifike upesi na kumtoa dereva? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kaka, swali hili huletwa kwangu kila msimu, na kila mara limebeba neno lilo hilo: upesi. Hakuna kinachoniudhi katika kazi hii kama imani kwamba marshali hodari ni yule anayefika kwenye ajali kwanza. Gari lililopinduka limeshasimama. Litakalokuua wewe na dereva uliyekwenda kumwokoa ni lile linalofuata, limo ndani ya vumbi na anayeliendesha haoni mita kumi mbele.

Kwa hiyo bendera kwanza. Ni ya njano, nawe uipunge kabla ya mahali pa ajali, pale ambapo dereva anayekuja ataiona angali na nafasi ya kupunguza mwendo. Wakati huo huo mwenzako aite kwa redio. Hapo ndipo mwenye mtungi anapokwenda, na mwenye bendera abaki akitazama magari yanakotokea. Asigeuke hata akisikia mayowe. Ukipangiwa kona peke yako, kataa.

Tarehe 5 Machi 1977, kwenye mashindano ya Formula 1 huko Kyalami, Afrika Kusini, gari la Renzo Zorzi lilisimama kando likiwaka moto mdogo. Marshali wawili wakakatiza barabara kwenda kuuzima. Mmoja wao, Frederik Jansen van Vuuren, kijana wa miaka 19, aligongwa na gari la Tom Pryce lililokuwa likipanda mwinuko. Pryce hakuwa na namna ya kumwona. Mtungi aliobeba kijana yule ukampiga Pryce kichwani, na wote wawili wakafa. Zorzi alisalimika. Kijana yule hakukosa ushujaa hata chembe.

Huo mtungi wako wa kilo moja huisha kwa sekunde kumi hivi. Petroli iliyomwagika haizimwi na kitu hicho. Tumia mitungi mikubwa ya mashindano, upepo ukiwa mgongoni mwako, na ulenge chini moto unakoanzia, si kwenye ndimi zake.

Ama kumtoa dereva, kama hakuna moto, usimtoe. Kila mara nawaona watazamaji wakilizunguka gari, wakilisukuma mpaka lisimame tena kwa magurudumu, kisha wakishangilia, na mtu bado yumo ndani! Shingo iliyoumia haivumilii mtikiso huo. Dereva aliyening'inia kichwa chini ukimfungulia mkanda bila kumshikilia, ataangukia utosi. Helmeti yake usiiguse. Ongea naye, mwambie asigeuze kichwa, na uwazuie watu mpaka wahudumu wa afya wafike.

Nguo ziwe za pamba, mikono mirefu. Nailoni huyeyukia ngozini. Nyekundu na njano usivae, dereva asije akadhani ni bendera.

Lakini yote haya hayafundishwi alfajiri ya mashindano, na hapo ndipo lawama zangu zilipo. Wapo waandalizi wanaookota vijana asubuhi, wanawavisha reflekta, wanawapa filimbi na ahadi ya chakula cha mchana, kisha wanawaita marshali. Wengine hutuma ujumbe wa simu wenye picha za bendera na kudai hayo ndiyo mafunzo. Reflekta haizuii gari. Mtu ambaye hajawahi kusimama kituoni na marshali mzoefu hajui hata kwamba upande wa nje wa kona, magari yanakotupwa, si mahali pa kusimama.

Nenda kwenye klabu iliyo chini ya Kenya Motor Sports Federation, uombe kuanza kama msaidizi. Na kabla ya siku hiyo, muulize aliyekualika: kituo changu kina watu wangapi, redio ni ya nani, ambulensi itakaa wapi, na nikilazimika kukimbia nitakimbilia upande gani? Asipoweza kukujibu, usiende.