Usimvumbike mchezaji mchanga

Wewe unayeanza kufundisha hoki ya barafuni hapa Nairobi, nikuambie nilivyomharibu kijana wangu wa kwanza. Alikuwa na miaka 14, ana mguu mwepesi, nikamwingiza kwa wakubwa. Baada ya wiki chache nikaona anaitoa paki, kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira, kabla haijatulia kwenye fimbo. Nikamsifu eti anaona pasi mapema. Kumbe anaogopa kubanwa ukutani! Ule utundu wa kumchezea beki, ulionifanya nimchague, ulikuwa umeisha.

Ukinunua ndizi Marikiti unaijua iliyovumbikwa: ganda la njano, ndani ngumu. Detroit Red Wings, timu ya NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, chini ya meneja Ken Holland ilisifika kwa kuacha tunda liivie mtini. Kipa Jimmy Howard walimchagua 2003, akawa kipa wa kwanza msimu wa 2009-10. Tomas Tatar, aliyechaguliwa 2009, mwaka 2013 alikuwa bado Grand Rapids, timu yao ya chini, wakatwaa Kombe la Calder, la ligi hiyo ya chini, naye akawa mchezaji bora wa mchujo. Tuseme ukweli, subira ni rahisi pale juu pakiwa pamejaa. Lakini huko chini kijana hucheza dakika nyingi, hupewa paki mambo yakiwa magumu, hukosea na kesho anapangwa tena. Juu angekaa benchi akisubiri zamu fupi fupi.

Sisi hatuna Grand Rapids. Tuna barafu ya hoteli ya Panari, ndogo mno ukiilinganisha na uwanja kamili wa mita 60, kwa hiyo mkubwa anakufikia hujainua kichwa. Basi ligi ya chini itengeneze mwenyewe. Wagawe kwa mwili na uwezo, umri uje baadaye. Wengi hutoka kwenye sketi za magurudumu: kasi wanayo, breki hawana. Barafuni unasimama kwa kugeuza vyuma vya viatu ubavu hadi vikwangue, na asiyeweza hivyo pande zote mbili, kulia na kushoto, asiguse mechi ya wakubwa. Akiweza, mpe dakika 5 za mwisho, kisha arudi kwa wenzake.

Wangu nilimrudisha kwa wadogo. Mama yake akanipigia simu kuuliza mwanawe amekosa nini. Nikamwambia aliyekosa ni mimi. Jumamosi iliyopita kijana alikaa na paki nyuma ya goli, wenzake wanagonga fimbo chini wakiiomba, hataki kuitoa. Nikafunga mdomo.