Koti la jeshi juu ya kilti: kabla hujashika mkasi, angalia kifungo cha mwisho

Mkuu, swali lako nililiona jana usiku nikasema nitajibu nikishapumzika. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa yuko Edinburgh kimasomo, rafiki yake Mskoti anaoa, wageni wa kiume watavaa kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa Uskoti linalofungwa kiunoni. Kilti kaazimwa, ila koti hana. Amepata koti la sufu la jeshi, la mtumba, anauliza kama anaweza kulikata likae vizuri juu ya kilti.

Inawezekana. Mimi ni fundi cherehani, nilianzia Tanga kwenye baraza ya duka la mjomba, na huu ni mwaka wa 11 niko Glasgow nikirekebisha nguo. Makoti ya namna hii nimekata mengi. Mawili ya kwanza niliyaharibu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

La kwanza nilimpima mteja akiwa amevaa jinzi. Nikapiga chaki, nikakata, nikapiga pasi, koti likapendeza mezani. Alipokuja kulijaribu na kilti yake, koti limeshuka mno, limefunika makalio yote na marinda ya nyuma hayaonekani. Nilikuwa nimepima kutoka pale suruali inapofungwa, na kilti haifungwi pale. Inakaa kiunoni hasa, usawa wa kitovu au juu yake kidogo, na pindo lake linafika kwenye goti. Kwa hiyo kipimo chochote ukichukue umeshavaa vyote: kilti, shati, mkanda, viatu vya siku hiyo, na sporani, yaani ule mkoba unaoning'inia mbele. Na usijipime mwenyewe. Ukiinama kuangalia futi, koti nalo linapanda.

Shida ya koti lolote la kawaida ni kwamba limekatwa lifunike makalio ya mtu mwenye suruali. Juu ya kilti linaficha marinda ya nyuma, ambayo ndiyo uzuri wenyewe, na mbele linaifunika sporani nusu. Miguu inaonekana mifupi kama mtoto aliyevaa koti la baba. Dawa yake ni kufupisha nyuma na kukata pembe za mbele kwa mviringo, ili mapande mawili yaachane kuanzia kiunoni na sporani ikae wazi. Sikubuni mimi. Wanajeshi wa vikosi vya Highland, yaani nyanda za juu za Uskoti, kwenye Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na koti la khaki la muundo wa 1902 kama wenzao wa Uingereza, ila pembe zao za mbele zilikatwa mviringo kwa sababu hiyohiyo. Mpaka leo koti la sherehe la vikosi vya Uskoti lina mkato huo, na kwenye maduka ya nguo za jeshi zilizotumika huwa yanapatikana. Kama hilo lako bado unaweza kulirudisha, lirudishe utafute la namna hiyo. Utaokoa kazi ya siku mbili.

Kama halirudishiki, livae juu ya kilti ulifunge, kisha uangalie kifungo cha mwisho kiko wapi. Watu wengi wanaangalia rangi na urefu. Mimi naangalia kifungo. Mviringo unaanzia chini yake, kwa hiyo ni lazima kiwe kiunoni, kwenye ukingo wa juu wa kilti au chini yake kidogo. Kikiwa inchi tatu chini ya hapo, utalazimika kukitoa, na tundu lake litabaki linakutazama, kwa maana tundu lililokwisha kushonwa kwenye sufu halizibiki likapotea. Labda lidondoke kwenye kipande unachokata. Tundu likibaki ndani ya koti, mimi humwambia mteja atafute jingine, hata kama analipenda vipi.

Baada ya hapo mifuko ya chini, na hapa ndipo nilipoharibu koti la pili. Makoti ya maofisa wa Uingereza mara nyingi yana mifuko mikubwa iliyobandikwa kwa juu. Nikafumua mifuko taratibu, nyuzi moja moja, nikijisifu moyoni. Ilipotoka, chini yake sufu ilikuwa na rangi yake ya kiwandani, kijani kibichi kabisa, na sehemu nyingine yote imepauka kwa miaka ya jua. Koti likawa na madirisha mawili. Niliosha, nikalipiga mvuke, wapi. Siku hizi nikikuta mfuko wa kubandika nainua ukingo wake kwa sindano nichungulie rangi kwanza. Ikitofautiana, siutoi, naupunguza kutoka chini ufuate mstari mpya wa koti, mfuniko unabaki juu yake. Mifuko iliyochongwa ndani, yenye mfuniko tu kwa nje, ni rahisi zaidi: unafupisha kifuko cha ndani unashona. Ila mpasuo wake lazima ubaki juu ya mstari wa kukata, la sivyo hilo nalo si koti la kazi hii.

Kukata kwenyewe. Mimi huacha nyuma inchi tano mpaka sita chini ya ukingo wa juu wa kilti, kutegemea urefu wa mtu. Fumua bitana chini yote kwanza, usikate bitana na sufu pamoja. Mviringo uchore kwenye karatasi ngumu, uubandike kwa pini upande mmoja, mtu asimame mbali akuangalie, halafu karatasi hiyohiyo uigeuze upande wa pili. Ukichora kwa macho pande mbili hazitalingana, nakuhakikishia. Acha inchi moja na nusu ya kukunja nyuma, nusu inchi kwenye mviringo. Ndani ya mbele utakuta kanvasi, kile kitambaa kigumu kinacholifanya koti lisimame. Kikate kiishie kwenye mstari wenyewe, kisiingie kwenye mkunjo, la sivyo ukingo utakuwa mnene kama mkeka. Tia vipasuo vidogo kwenye mkunjo ili mviringo ulale. Piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, vaa, jitazame, ndipo uende kwenye cherehani. Pasi iwe na kitambaa chenye unyevu juu ya sufu.

Kuna jambo la nyuma ambalo hakuna aliyeniambia. Kilti kamili inatumia yadi nane za kitambaa cha sufu, na karibu zote zimekunjwa nyuma. Ukisimama, koti linasukumwa nje kama mkia wa bata. Mpasuo wa nyuma ukiwepo unafunguka ovyo, na ukishafupisha koti unabaki mdogo usio na kazi. Mimi huufunga, kisha nafungua mishono ya ubavuni kuanzia kiunoni kwenda chini niachie nusu inchi kila upande, kama kuna akiba ya kitambaa ndani.

Vipande ulivyokata usitupe. Vinatosha kutengeneza ukingo wa mikono kwa mtindo wa Argyll, ule wenye ncha na vifungo vitatu, na unafunika alama za vyeo vilivyofumuliwa.

Vifungo vya kikosi na beji zote ng'oa. Uingereza kuna sheria ya sare ya mwaka 1894 inayokataza raia kuvaa sare ya jeshi, au vazi linaloonekana kama sare au lenye alama zake, bila ruhusa. Tia vifungo vya pembe, vyeusi au kahawia. Koti linabadilika hapohapo, linakuwa la kiraia. Na ukimaliza masomo usilifunge kwenye begi la kurudi nalo Dar kwa sababu tu umelipenda. Kule nyumbani raia hatakiwi kuvaa kinachofanana na sare, na askari hatakuuliza habari za harusi ya Mskoti.

Kama unachohitaji ni cha kawaida tu, tafuta blauzi ya jeshi, yaani jaketi fupi linaloishia kiunoni, zile za Waingereza au Wamarekani wa Vita ya Pili. Hukati kitu. Hakikisha tu inafunika ukingo wa kilti ukinyanyua mikono kucheza, maana kwenye harusi zao watakuchezesha mpaka jasho.

Kilti yenyewe usiiguse, hata ikibana. Ni ya kuazima, na yale marinda si kama ya sketi za shule. Yamepangwa ili mistari ya kitambaa ikutane, ukifumua moja umefumua yote. Sogeza tundu la mkanda basi. Na wanaokucheka humu kwamba unavaa sketi, waulize babu zao Pangani walikuwa wanafunga nini kiunoni jioni.

Piga picha ya koti ukiwa umelivaa juu ya kilti, umelifunga, moja mbele na moja ubavuni, mifuko ionekane. Iweke hapa nikuonyeshe mstari kabla ya Jumamosi.