Datsun 1200 pikapu: kutu kwanza, rangi baadaye

Kaka, umeuliza uanze na rangi au injini kwenye hiyo Datsun 1200 pikapu uliyoiingiza gereji ya nyumbani. Anza na kutu. Tofauti na Hilux, gari hili halina chasi iliyojitenga. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Toa viti na zulia, kisha gongagonga sakafu kwa bisibisi, hasa pale miguu ya dereva inapokaa na zinaposhikia springi za nyuma. Palipooza, kata kipande, chomelea, ndipo uhamie kingine. Ukikata sakafu nzima kwa mkupuo bila kuitegemeza kwa vyuma, bodi itapinda na milango itagoma kufunga. Halafu tangi la petroli litoke kabla hujawasha welda, tafadhali.

Injini yake ya A12 ni ya cc 1,171 tu, lakini mimi ningeiacha ilivyo. Ukitamani nguvu, injini ya A15 ni ya ukoo huohuo na haikusumbui sana kuifunga. Breki zitangulie kabla ya kuongeza nguvu: kama mbele bado ni drum, tafuta diski. Ukibadilisha injini, namba ya injini mpya irekebishwe kwenye logbook. Rangi ni ya mwisho kabisa.