Ugonjwa uko kwenye ini, mbona wanapima moyo? Yaliyompata mama

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mzee wako, anayekwenda kutolewa kipande cha ini, anahangaishwa na vipimo vya moyo. Swali hilo hilo niliuliza mimi zamu ya mama yangu ilipofika.

Siku ya pili baada ya upasuaji wa ini mama alikuwa ameketi kitandani, mdogo wangu anamsuka nywele, halalamiki kitu. Asubuhi walikuwa wamemtoa damu. Jioni daktari akatuita pembeni: troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, imepanda; maana yake moyo wa mama umeumia. Nikamwambia labda wamechanganya majibu, mama hata kifua hakimuumi!

Akanieleza kwa upole. Wengi wanaoumia moyo baada ya upasuaji hawasikii maumivu ya kifua, kwa sababu dawa za kutuliza maumivu ya kidonda huyafunika na hayo. Na mara nyingi hutokea ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo, sisi ndugu tukiwa tumeshaanza kushukuru. Pasipo kipimo cha damu hujui lolote.

Ini nalo si kiungo chepesi kukata. Karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo hupita humo. Ili isimwagike nyingi, daktari wa usingizi humpa mgonjwa maji kidogo kwa makusudi, na mpasuaji huibana kwa muda mishipa inayoingiza damu kwenye ini. Inasaidia sana, ila presha inaweza kushuka, moyo ukaenda mbio huku wenyewe haupati damu ya kutosha. Kijana hustahimili. Mama ana miaka 71 na kisukari.

Kilichonitia hofu zaidi ni aspirini, dawa inayopunguza damu kuganda. Daktari wa moyo aliitaka, mpasuaji akahofia kidonda kuvuja damu. Wakasubiri hadi waliporidhika, ndipo wakaanza, pamoja na statini, dawa ya kushusha kolesteroli na kulinda mishipa ya moyo. Naona walifanya vyema kutokimbilia.

Kwa hiyo omba mzee apimwe troponini kabla ya upasuaji, ili majibu ya siku ya kwanza na ya pili yawe na cha kulinganishwa nacho. Dawa zake za presha asiziache wala kuzimeza kwa kubahatisha. Aulize ipi iendelee na ipi isimame. Na mkiwa wodini, akianza kuhema, kutoka jasho la baridi au kuongea yasiyoeleweka, mwite muuguzi saa hiyo hiyo, hata yeye mwenyewe akikukataza kuwasumbua.