Taarifa iko polisi, mgonjwa yuko hospitali: nani aunganishe?

SWALI: Ndugu yetu hajulikani alipo, mwezi wa nne sasa. Polisi tuliandikisha, lakini tunaambiwa tuzunguke wenyewe hospitali na mochwari. Kwani nchi haiwezi kuwa na daftari moja?

JIBU: Poleni sana. Inawezekana, na kuwaachia ndugu kazi hiyo si haki. Polisi huandika waliopotea. Hospitali na mochwari huandika wasiotambuliwa, na madaftari hayo hayakutani. Tena kila upande una lugha yake: huku "shati la bluu, mrefu wa wastani", kule "mwanamume, miaka 30 hivi". Nguo hubadilishwa, umri wa kukadiria hukosewa. Hapo hata kompyuta haina cha kulinganisha.

Kwa hiyo kinachotangulia ni fomu, programu baadaye. Interpol, shirika la polisi la kimataifa, wanazo fomu za kutambua waliokufa katika maafa: ya njano kwa taarifa za aliyepotea, ya waridi kwa mwili uliopatikana, zikilinganishwa kipengele kwa kipengele. Vinavyotegemewa zaidi ni alama za vidole, meno na vinasaba (DNA). Marekani, mfumo wa NamUs unaweka pamoja waliopotea na miili isiyotambuliwa, na familia nayo huruhusiwa kuingiza taarifa, zikahakikiwa kwanza. Sisi tungetaka na wagonjwa waliolazwa bila fahamu waingizwe humo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuzika mwili usiotambuliwa bila alama za vidole, picha, sampuli ya vinasaba na namba ya kaburi. Mfumo ukija kesho, mwili huo hautapatikana humo.

Kwenu sasa: ulizeni kama taarifa yenu imefika makao makuu ya polisi, na mshike namba ya jalada. Mswaki wake una vinasaba vyake: uacheni ukauke, kisha muutie kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, na unyevu huharibu vinasaba. Kwa sampuli za ndugu, wazazi wote wawili au watoto wake hufaa kuliko kaka na dada. Tafuteni picha anayocheka meno yakionekana, na eksirei za meno kama zipo. Kovu liandikwe na upande wake, kulia au kushoto. Alama moja msiitangaze popote, muwape polisi tu: atakayepiga simu kudai pesa kwamba yuko naye, mwulizeni hiyo.