Muulize Anti: Binti wa kazi kwa jirani yangu bado mtoto, nianzie wapi?

*Shikamoo Anti. Mi naishi Mbagala, nyumba ya kupanga. Jirani yangu ana binti anasema ni mtoto wa dada yake kaja naye kutoka Singida, ukimwangalia ana miaka 12, akizidi sana 13. Kabla ya adhana ya alfajiri ashaamka anachota maji, anafua, anabeba mtoto mgongoni, mchana anatembeza karanga, saa nne usiku bado unamsikia anasugua masufuria. Shule haendi na mama yake aliahidiwa atasomeshwa. Juzi nimemwona mkono umeungua nikamuuliza akasema ni chai tu. Nikimgusia jirani ananambia hayo ni mambo ya ukoo. Naogopa uadui Anti, choo tunatumia kimoja. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na asante umeandika maana wengi wanaona kama wewe halafu wanafunga pazia.

Kwanza hilo neno la ukoo lisikutishe. Undugu haumwondolei mtoto haki zake hata moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtu yeyote chini ya miaka 18 ni mtoto, na kazi hata nyepesi haanzi kabla ya miaka 14, na hiyo kazi yenyewe isimdhuru wala isimkoseshe shule. Usiku ndo kabisa, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi haruhusiwi kuajiriwa. Sasa huyo wa kwenu anaanza kabla ya adhana na analala baada ya saa nne, hapo kuna malezi gani jamani!

Najua atakayesema mbona sisi wote tumeosha vyombo utotoni. Ni kweli, na hakuna ubaya mtoto kufagia uwanja na kuteka ndoo mbili kabla ya shule. Mi huwa natazama kitu kimoja, watoto wa kuzaa wa nyumba hiyo wanaishije? Kama wao asubuhi wanavaa yunifomu huyu anabaki na beseni la nguo zao, wao wanakula mezani huyu anasubiri ukoko, basi huyo ni mfanyakazi asiyelipwa hata aitwe mtoto wa dada mara mia.

Sasa cha kufanya. Usiende kugombana na jirani, ukigombana leo kesho binti kahamishiwa Tabata au Kigamboni na hutamwona tena. Piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto na ni bure, waelezee ulivyoniandikia mimi, mtaa gani, nyumba ipi, huo mkono ulioungua umeuona lini. Au nenda kwa afisa ustawi wa jamii, ukiuliza ofisi ya mtendaji wa kata watakuelekeza, au Dawati la Jinsia na Watoto pale kituo cha polisi. Mwenyekiti wa mtaa naye ni mlango, ila kama unajua ni shoga yake jirani basi mpite, anzia kwa ustawi. Waambie wazi kwamba unaishi nyumba moja na hutaki jina lako litajwe. Na ujue hufanyi umbea hapo, sheria hiyohiyo inasema mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa wake.

Huo mkono usisubiri. Kama ni kuunguzwa makusudi polisi watatoa PF3, ile fomu ya matibabu ya aliyejeruhiwa, na daktari ataandika alichokiona, ndo itakayosimama mahakamani.

Kingine, naomba sana usimchangie nauli ukampandisha basi la Singida kimyakimya. Nia nzuri lakini stendi ndo wanakokaa madalali wa wasichana wa kazi, mtoto anashuka hana mtu anaokotwa palepale anapelekwa nyumba nyingine. Na hata akifika, kama njaa iliyomtoa bado ipo watamrudisha mjini. Ustawi wa jamii ndo wa kumtafutia mahali salama na kuzungumza na wazazi. Kuna asasi zinazojua kazi hii vizuri, kwa mfano WoteSawa kule Mwanza ilianzishwa na Angela Benedicto ambaye mwenyewe alipitia kazi za ndani akiwa binti mdogo. Na ujira wake wa muda wote huo adai, mtoto aliyefanya kazi ana haki ya kulipwa kwa thamani ya kazi aliyofanya.

Kwa sasa msalimie kila siku, mpe chakula, ajue kuna mtu mzima mmoja anamwona.

*Anti mi nipo Dodoma, dada wangu wa kazi ana miaka 15, kaja mwenyewe kaniomba kazi. Navunja sheria?*

Kwa umri peke yake hapana. Ila miaka 15 bado ni mtoto na mambo mengi sasa ni juu yako. Anafika saa mbili usiku kapumzika? Analala wapi, mlango una komeo? Maana hawa mabinti wanapata shida nyingi usiku kutoka kwa wanaume wa nyumbani humohumo. Mshahara mpe yeye mkononi, usimtumie shangazi yake. Na muulize aliishia darasa la ngapi, sekondari za serikali hazina ada siku hizi, huenda alikatishwa na daftari na sare tu na hizo unaweza kumnunulia.

*Shikamoo Anti, niko Iringa kijijini, binti yangu kamaliza la saba, wifi anataka kumchukua Dar akamsaidie mtoto kisha atamsomesha cherehani. Nimruhusu?*

Marahaba. Mama, subiri matokeo, akichaguliwa kidato cha kwanza mpeleke. Hiyo ahadi ya cherehani nimeisoma kwenye barua nyingi mno. Akichukuliwa kwa ahadi ya uongo akaishia kutumikishwa, Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inamhusu wifi, na kusema mzazi aliridhia hakumwokoi. Kama wifi anampenda kweli mwambie atume hela ya daftari, binti abaki hapo nyumbani asome.